Vifaranga wa Siku Moja: Tutajuaje Tulicholetewa?



Vikundi vingi tunavyotembelea, vya hapa Nairobi na vya mashambani, vimeingia katika ufugaji wa kuku. Sababu ni wazi. Ng'ombe anataka shamba, mbuzi anataka malisho, lakini kuku mia moja wanaweza kukaa katika banda dogo nyuma ya nyumba huko Kawangware, Riruta, Kangemi au Uthiru. Tena siku hizi si lazima mtu asafiri kwenda kutafuta vifaranga. Anapiga simu kuagiza, anatuma pesa kwa simu hiyo hiyo, na baada ya wiki kadhaa katoni yenye matundu inafika stendi ya magari katikati ya mji, au inapakiwa juu ya basi la kwenda Kakamega, Machakos au Meru.

Hapo ndipo shida inapoanza. Katoni inafunguliwa, na ndani wamo vifaranga mia wanaolia kwa pamoja. Wote ni wadogo, wote ni laini, wote wanapendeza. Sasa, hawa ni wa mayai au wa nyama? Ni majike au ni madume? Ni kienyeji kweli, au ni jina tu? Mwenye kuuza anajua. Sisi tunaopokea mara nyingi hatujui, na tunakuja kujua miezi mitatu baadaye, wakati chakula kimeshaliwa na pesa zimekwisha.

Yaliyotupata sisi wenyewe

Hatuandiki haya kwa kusikia tu. Miaka michache iliyopita tulikuwa tukisaidia kikundi kimoja cha akina mama upande wa Waithaka. Walikuwa kumi na wanane. Walichanga kwa zaidi ya mwaka, kidogo kidogo, wakaamua kununua vifaranga mia mbili wa mayai. Mweka hazina akapata mtu mjini anayeagizia watu vifaranga. Siku ya kupokea tulikwenda naye.

Katoni zilikuwa mbili. Katika ya kwanza vifaranga walikuwa wa rangi ya kahawia. Katika ya pili walikuwa weupe wenye umanjano. Mama mweka hazina akauliza, "Mbona hawa si kama wale?" Yule mtu akajibu bila wasiwasi, "Hao ni aina nyingine ya leya, mama. Hao ndio wanataga hata zaidi." Mama akatugeukia sisi. Na sisi, tulio na diploma ukutani, tulitazama katoni tukasema, "Wanaonekana wazuri." Kweli walikuwa wazuri. Lakini hatukuwa tumejibu alichouliza.

Walipofika wiki ya nane, wale weupe mia walianza kuota upanga kichwani, mwekundu na mkubwa. Wiki ya kumi na mbili asubuhi moja banda likawika. Kuku mia moja waliotazamiwa kutaga walikuwa majogoo, tena wembamba.

Hasara ya chakula ilikuwa kubwa, lakini haikuwa ndiyo mbaya zaidi. Ubaya ni kwamba maneno yalianza. Mmoja alisema mweka hazina alinunua vijogoo vya bei rahisi akala baki. Mwingine akasema mwenyekiti alijua. Mikutano miwili haikufanyika. Mama wa watu alikuja ofisini kwetu akaketi, akasema tu, "Mimi sikula hata ndururu." Tulimwamini, lakini hatukuwa na la kuwaeleza wenzake. Ndipo tulipokwenda kwa afisa wa mifugo kujifunza mambo ambayo tungepaswa kuyajua mapema. Mengi ya haya tunayowaandikia tulianza kuyajua siku ile.

Kwa nini kifaranga anaweza kusafiri

Watu wengine huona ni ukatili kusafirisha kifaranga wa siku moja bila chakula wala maji. Ukweli ni kwamba kabla ya kuanguliwa, kifaranga huvuta ndani ya tumbo lake kiini cha yai kilichobaki. Hicho ndicho chakula chake cha kwanza, na kinaweza kumshikilia mpaka siku tatu hivi. Kwa sababu hiyo huko Marekani posta imekuwa ikibeba vifaranga tangu mwaka 1918, na hapa kwetu mabasi na matatu hufanya kazi hiyo hiyo.

Lakini kuweza kuvumilia siku tatu si kusema wacheleweshwe siku tatu. Kifaranga anayefika katika siku ya kwanza huanza maisha vizuri zaidi. Anayechelewa, au kuwekwa karibu na injini ya basi, au kunyeshewa juu ya keria, huja amechoka na wengi hufa wiki ya kwanza. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: wameanguliwa siku gani, saa ngapi?

Aina ambazo mtakutana nazo

Tuangalie sasa makundi makubwa ya vifaranga wanaouzwa Kenya, na jinsi kila kundi linavyoonekana siku ya kwanza.

Broila, yaani kuku wa nyama. Hawa ni wa aina kama Cobb na Ross. Vifaranga ni wa manjano, wote, majike na madume. Miguu yao ni minene na ya manjano, na kifua ni kipana. Wakitunzwa vizuri huchinjwa baada ya wiki tano au sita.

Leya, yaani kuku wa mayai wa kahawia. Anayejulikana sana ni ISA Brown, aina iliyotoka Ufaransa. Wako pia wa Shaver, Lohmann na Hy-Line. Hapa rangi inasema kweli. Kifaranga jike ni wa kahawia au mwekundu-mwekundu, na wengine wana mistari mgongoni. Kifaranga dume ni mweupe wenye umanjano. Kwa hiyo ukiagiza leya wa aina hizi na ukapewa katoni ya vifaranga weupe, umepewa vijogoo. Hilo ndilo lililotupata.

Kienyeji walioboreshwa. Hapa Kenya wanaojulikana zaidi ni wa kituo cha utafiti cha KALRO kule Naivasha, ambacho zamani kilikuwa chini ya KARI. Walitokana na kuku wa kienyeji waliokusanywa sehemu mbalimbali za nchi na kuchaguliwa. Wako pia Kuroiler, waliotoka India na kuingia Afrika Mashariki kupitia Uganda, na Sasso, walioanzia Ufaransa. Vifaranga wa KALRO na wa Kuroiler ni mchanganyiko wa rangi: weusi, wa kijivu, wa manjano, wa kahawia, wenye mistari kama ya kanga. Katika kundi kama hili rangi haikuambii nani jike na nani dume. Tena hakuna mtu anayeweza kutazama kifaranga mmoja mwenye mistari na kuapa kwamba huyu ni Kuroiler, yule ni wa Naivasha. Hapo kinachothibitisha ni mahali walipotoka na risiti, si macho.

Aina za zamani zilizo safi. Wazee wetu wanakumbuka mpango wa taifa wa kuku ulioanza mwaka 1976 kwa msaada wa Uholanzi, ambapo mkulima alileta jogoo wake wa kienyeji akapewa jogoo wa kizungu wa kuboresha mbegu. Bado wako wafugaji wanaofuga aina hizo. Kifaranga wa Rhode Island Red ni mwekundu wa kutu. Wa Light Sussex ni wa rangi ya siagi. Wa Australorp ni mweusi mgongoni na mweupe wenye umanjano tumboni. Wa Plymouth Rock mwenye madoadoa ni mweusi, na ana alama nyeupe utosini. Kwa huyu wa mwisho, dume mara nyingi huwa na alama kubwa iliyotawanyika, na jike huwa na alama ndogo. Hiyo husaidia, ingawa hata mzoefu hukosea wengine.

Kuku wetu wa asili. Kishingo, yaani kuku asiye na manyoya shingoni, anajulikana siku ile ile anapoanguliwa, maana shingo iko wazi. Lakini kidimu, yule wa manyoya yaliyojikunja, hajulikani mpaka manyoya yenyewe yaanze kuota. Kwa hiyo usikubali kuuziwa kidimu wa siku moja kwa kuambiwa tu.

Rangi inajuaje jike na dume?

Mama mmoja alituuliza, "Hiyo rangi inajuaje?" Ni swali zuri, na jibu lake linaokoa pesa.

Kuna rangi ambayo kifaranga jike huirithi kwa baba peke yake. Kifaranga dume huirithi kwa baba na kwa mama. Sasa wataalamu wa leya huchukua baba mwekundu na mama mweupe. Binti hupata wekundu wa baba, basi anatoka wa kahawia. Mwana hupata wekundu wa baba pamoja na weupe wa mama, na weupe huu una nguvu, unaufunika wekundu. Basi anatoka mweupe. Ndiyo maana katoni inaweza kutenganishwa kwa macho tu.

Lakini mpango huu unafanya kazi kwa uzao mmoja tu. Ukichukua leya wako wa kahawia ukamletea jogoo wa jirani, vifaranga watakaozaliwa hawatafuata sheria hiyo, na hawatataga kama mama yao. Msidanganyike na mtu anayeuza vifaranga wa "ISA Brown" walioanguliwa nyuma ya nyumba yake.

Njia nyingine ni ya manyoya ya bawa. Kwa aina fulani zilizotengenezwa hivyo, jike huwa na manyoya marefu na mafupi yaliyopishana pembeni mwa bawa, na dume huwa na yaliyolingana. Njia hii inafaa katika siku ya kwanza au ya pili tu, na kwa aina hizo tu. Kwa kienyeji haifai kitu.

Njia ya tatu ni ya kutazama sehemu ya haja ya kifaranga. Wajapani ndio walioieneza duniani katika miaka ya 1920 na 1930. Inataka mafunzo marefu na mkono mwepesi. Tafadhali msiijaribu nyumbani, wala msiwaache watoto wabinye vifaranga. Mtawaua.

Mtego wa manjano

Sasa tazameni vizuri. Broila ni wa manjano. Kijogoo wa leya ni mweupe wenye umanjano. Siku ya kwanza wanakaribiana sana, hata kwa uzito, kwa maana kila mmoja ana gramu 40 hivi. Mtu asiye mwaminifu anaweza kukuuzia kijogoo wa leya kwa jina la broila, au kwa jina la kienyeji, au, kama tulivyofanyiwa sisi, kwa jina la leya jike.

Vijogoo hawa wapo wengi kwa sababu kwa kila jike mmoja anayeanguliwa, huanguliwa pia dume mmoja, na dume hatagi wala hanenepi upesi. Katika nchi nyingi huuawa siku ile ile. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia mwaka 2022. Hapa kwetu wengine huuzwa kwa bei ya chini. Kuuza kijogoo kwa jina lake si kosa, na mtu mwenye mabaki ya jikoni na uwanja anaweza kumfuga akapata nyama. Kosa ni kumuuza kwa jina la mwingine.

Mizani haisemi uongo

Kama bado mna shaka, iko njia moja ambayo kikundi chochote kinaweza kuitumia. Siku ya saba pimeni vifaranga kumi pamoja, halafu gawanyeni kwa kumi. Mizani ya dukani ya kupimia sukari inatosha.

Broila aliyelishwa vizuri kwa wiki moja hufika gramu 150 au zaidi. Leya, awe jike au dume, huwa na gramu 60 au 70 hivi. Kienyeji naye yuko chini hivyo hivyo. Tofauti ni zaidi ya mara mbili, na siku ya kumi na nne inakuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo "broila" mwenye gramu 65 baada ya wiki moja, aliyekula mashi yake na kupata joto, si broila. Mtakuwa mmetumia chakula cha siku saba tu, si cha miezi mitatu.

Kujua jike na dume kwa kienyeji kunataka subira. Kuanzia wiki ya nne mpaka ya nane upanga wa dume huwa mkubwa na mwekundu kuliko wa jike, na miguu yake huwa minene zaidi. Wiki ya kumi hadi ya kumi na mbili manyoya ya shingoni na kiunoni mwa dume huchongoka. Basi mkinunua kienyeji mia ambao hawakutenganishwa, pigeni hesabu ya majike hamsini. Msiandike kwenye daftari mayai ya kuku mia.

Yasiyosaidia

Tumeonyeshwa njia nyingi vijijini: kumning'iniza kifaranga kwa miguu na kutazama kama anarusha kichwa, kuzungusha pete yenye uzi juu ya yai, kuchagua mayai yaliyochongoka ili kupata majogoo. Hizi hupata nusu na kukosa nusu, sawa na kurusha shilingi juu.

Hatua za kufuata kikundi kinapoagiza

Kwanza, agizeni moja kwa moja kwa kituo cha kutotolesha au kwa wakala wake anayejulikana. Muulizeni afisa wa mifugo wa wadi yenu ni nani hao.

Pili, pateni kwa maandishi mambo matano: aina, majike au mchanganyiko, idadi, tarehe ya kuanguliwa, na kama wamechanjwa ugonjwa wa Marek, chanjo ambayo hutolewa huko huko wanakoanguliwa. Ujumbe wa simu ni maandishi pia. Msiufute.

Tatu, waende watu wawili kupokea, si mmoja. Hii inamlinda mweka hazina kuliko inavyomshuku.

Nne, fungueni katoni pale pale, mbele ya aliyeileta. Kwa kawaida katoni ya mia huwa na vyumba vinne vya vifaranga ishirini na watano. Tazameni kila chumba, hata cha chini, si kile cha juu tu. Hesabuni waliokufa. Tazameni kitovu kama kimefunga, macho kama yanang'aa, miguu kama imenyooka. Linganisheni rangi na kile mlichoagiza.

Tano, kama rangi haipatani na maandishi, pigeni picha na msitie sahihi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora na maelezo ya kweli. Semeni kwa upole, lakini semeni.

Sita, nyumbani kuwe na joto tayari kabla hawajafika, kama nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, maji safi kwanza halafu chakula. Panga na afisa wa mifugo siku za chanjo za Newcastle na Gumboro. Siku ya saba, mizani.

Kikundi kile kiliishia wapi?

Afisa wa mifugo alikubali kuja kwenye mkutano. Alileta vifaranga wawili katika kikapu, mmoja wa kahawia na mmoja mweupe, akawaeleza akina mama kama tulivyoeleza hapa juu. Kulikuwa kimya. Halafu sisi tukasimama tukakiri kwamba siku ile mama mweka hazina ndiye aliyeuliza, na sisi ndio tuliomnyamazisha kwa kusema wanaonekana wazuri. Mmoja wa waliomsema sana alilia, akamwomba msamaha mbele ya wote.

Majogoo waliuzwa siku za Krismasi, na fedha hazikufikia chakula walichokula. Yule muuzaji hakupatikana tena kwa simu. Lakini wale mia wa kahawia walitaga, na kikundi hakikuvunjika. Fedha ya mayai ya kwanza walinunua mizani ndogo na daftari jipya. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sasa ukurasa wa kwanza wa daftari lile una safu ya "rangi siku ya kwanza" na safu ya "uzito siku ya saba".

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Mara ya mwisho tulipopokea vifaranga, au mbegu, au mbolea, nani alikagua, na alijua anakagua nini?
2. Mwenzetu akiuliza swali ambalo hatuna jibu lake, tunamjibu namna gani?
3. Hasara ikitokea, tunatafuta kwanza chanzo au tunatafuta mtu?
4. Nani katika kikundi chetu ana mizani, na nani atakumbusha siku ya saba?

Vikundi vilivyo na uzoefu wao, mzuri au mchungu, vituandikie ili wengine nao wajifunze.